Kabla Hujaingia Wodini

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na katibu wa tawi mbele ya wanachama. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.)



Leo sisemi habari za mishahara, ingawa mtaona kwamba mshahara umo ndani yake. Nataka kusema habari za mwanachama ambaye daktari amemwambia, "Wewe sharti upasuliwe, njoo tarehe fulani." Sisemi juu ya yule aliyegongwa na gari akachukuliwa mbio. Huyo hana nafasi ya kujitayarisha. Nasema juu ya yule aliyepewa wiki tatu au mwezi mzima, naye akautumia mwezi huo kunyamaza.

Na tuchukue ngiri, kwa sababu katika kazi yetu ya kubeba na kusukuma mizigo ni ugonjwa tunaoufahamu. Mtu huona uvimbe kwenye kinena. Akilala unarudi ndani, akiinua gunia unatoka. Hujifunga mshipi, huendelea. Husema kwamba akijulikana ataachishwa kazi. Ndugu zangu, ngiri haiponi kwa mshipi, na kwa mtu mzima haiponi kwa dawa ya kunywa. Daktari akikupangia siku, shukuru kwamba umepangiwa. Ule uvimbe ukikataa kurudi, ukawa mgumu na kuuma sana, nawe ukaanza kutapika, basi utumbo umebanwa. Hapo hakuna cha tarehe tena. Unakwenda hospitali saa ile ile, hata iwe usiku wa manane, na upasuaji wa namna hiyo una hatari kubwa kuliko ule uliopangwa.

Sasa, jambo la kwanza ni barua. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inasema kwamba mfanyakazi aliyekwisha fanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa: siku 7 kwa mshahara kamili, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Lakini haki hiyo ina masharti mawili. Lazima mwajiri ajulishwe mapema iwezekanavyo, na lazima pawe na cheti kilichotiwa sahihi na daktari anayetambuliwa. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfukuza mtu anayekosa kazini bila ruhusa wala sababu ya halali. Mnaona hatari ilipo? Mtu yule yule, kitanda kile kile, kidonda kile kile: mwenye barua ni mgonjwa, asiye na barua ataitwa mtoro. Nimeketi katika mashauri ya namna hii mara nyingi, na kila mara kazi ya chama huwa ngumu kwa sababu karatasi haikuwapo.

Basi ukipewa tarehe, mwombe daktari aiandike. Peleka nakala kwa karani wa wafanyakazi, na mwambie agonge muhuri au atie sahihi kwenye nakala unayobaki nayo. Nakala ya tatu mpe mwakilishi wetu wa idara yako. Usimwambie msimamizi kwa mdomo tu pale getini. Msimamizi anaweza kuhamishwa kesho.

Halafu piga hesabu. Mbebaji aliyepasuliwa ngiri mara nyingi huambiwa akae wiki nne mpaka sita bila kuinua kitu kizito. Siku za sheria ni 14 tu. Tuseme unapata shilingi 900 kwa siku. Siku saba za kwanza ni shilingi 6,300, saba za pili ni shilingi 3,150, halafu mfereji umekauka, na kodi ya nyumba haijui kwamba umeshonwa. Kwa hiyo soma mapatano ya pamoja ya mahali pako pa kazi, maana mengi yanatoa siku zaidi ya hizo. Kama hujapata kuyaona, njoo ofisini uyasome. Ni mali yako. Angalia pia siku zako za likizo ya mwaka, ambazo hazipungui 21 za kazi kwa aliyetimiza miezi kumi na miwili. Mwombe daktari aandike wazi kwamba ukirudi ufanye kazi nyepesi, na kwa muda gani. Neno "amepona" peke yake kwenye cheti litakurudisha chini ya gunia siku ya kwanza.

Kuna jambo moja la pembeni. Bibi mwanachama atakayejifungua kwa kupasuliwa asiandikiwe likizo ya ugonjwa. Yeye ana miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, chini ya kifungu cha 29. Na mtu aliyeumia kazini pia ana njia yake. Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri gharama za matibabu za ajali ya kazini. Usikubali ajali ya mashine igeuzwe kuwa ugonjwa wa nyumbani.

Sasa fedha za hospitali. Wazee wetu walizoea mfuko wa NHIF, uliokuwapo tangu mwaka 1966. Mfuko huo umekwisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, na kadi ile ya zamani uliyoifungia sandukuni haitakusaidia mlangoni. Kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Anayepata shilingi 20,000 hukatwa shilingi 550. Mwajiri anapaswa kuzipeleka kabla ya siku ya 9 ya mwezi unaofuata kupita. Lakini kukatwa si kupelekwa! Usingoje kujua siku umevaa gauni la hospitali. Piga *147# kwenye simu yako sasa, uone kama umeandikishwa, kama mkeo au mumeo na watoto wameandikishwa, na kama michango imefika. Ikiwa kwenye hati ya mshahara umekatwa na kule haionekani, lete hati hiyo kwetu upesi. Hilo si jambo lako peke yako, na huenda idara nzima ina shida hiyo hiyo.

Baada ya hapo uliza hospitali maswali mawili: Je, mna mapatano na SHA kwa upasuaji huu? Na kibali cha kulipiwa kimeombwa na kupatikana? Kibali hicho huombwa na hospitali kabla ya siku yenyewe. Uliza pia ni kitu gani hakimo, utakachonunua wewe. Na ikiwa deni litabaki, jua kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitalini Nairobi, kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Deni linabaki deni, lakini wodi si jela.

Juu ya mwili wenyewe nitasema machache, maana daktari yupo. Mwambie kila dawa unayotumia, ya sukari, ya presha, ya kupunguza kuganda kwa damu, na zile za mitishamba pia. Usione haya, nyingine huzidisha kutoka damu. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe. Wavutao sigara waache mapema, wiki nne kabla ikiwezekana. Na uliza kama jamaa watatakiwa kutoa damu.

Lakini juu ya kufunga kula nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa watu wengi hurudishwa nyumbani. Ukilazwa usingizi, chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hayo ni mauti. Kwa kawaida watu wazima huambiwa wasile kwa saa sita, na maji matupu huachwa saa mbili kabla. Fuata saa utakazopewa na hospitali yako. Na chai ya maziwa si maji. Chai ya maziwa ni chakula, na uji ni chakula. Yule shangazi mwenye huruma anayekuja na chupa ya chai alfajiri mzuieni mlangoni kwa heshima.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema uelezwe kwa lugha unayoifahamu. Basi usitie sahihi karatasi ya ridhaa kabla hujaeleweshwa. Ukisema "Daktari, nieleze kwa Kiswahili," hujamtukana mtu.

Pia huenda tarehe yako ikaangukia mgomo. Madaktari waligoma siku 100 kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, na siku 56 mwaka 2024, na upasuaji mwingi uliopangwa uliahirishwa. Nawajua wanachama wetu waliokasirika. Mimi nasema, sisi tuliowahi kuweka vifaa chini hatuwezi kuwalaani wengine wakifanya hivyo kwa ajili ya mapatano waliyotiliana sahihi na Serikali. Lakini kinena kinauma pia, na hilo nalo ni kweli. Uliza tarehe mpya kwa maandishi, uipeleke kazini kama ile ya kwanza, na ukiona zile dalili za hatari nilizotaja, usingoje mgomo uishe; tafuta hospitali yoyote iliyo wazi.

Siku ya kwenda chukua kitambulisho, barua, picha za eksirei, sabuni, taulo, kanga au suruali pana. Saa ya mkono na fedha nyingi ziache nyumbani. Mpe mtu mmoja unayemwamini namba ya simu ya mwakilishi wetu, ili cheti kikitoka kifike kazini siku hiyo hiyo.

Naona mikono imekwisha inuliwa. Tuanze na bibi aliye karibu na dirisha.