Stadi ya Tairi Ikikatika

Msikilizaji mwenye Corolla ya miaka ya 90, leo ni zamu yako. Stadi nyingi hukatika kwa sababu mtu alikaza nati kwa spana iliyochomekwa bomba refu, tena akaisimamia kwa mguu. Chuma huvutika, uzi ukaliwa, siku ya siku: ta!

Usikubali kuchomelewa, ule moto huharibu uimara wa chuma. Stadi mbovu hugongwa itoke, mpya ikaingizwa kwa nyuma ya habu mpaka meno yake yakamate. Za jirani nazo zikaguliwe, maana zilibeba mzigo wa mwenzao. Nati zikazwe kwa kupishana, kisha zirudiwe baada ya kilomita 100 hivi.

Na upande wa breki, je, ufunge kubwa za gari jingine? Sawa, lakini hakikisha rimu yako inazimeza, na breki za mbele zisizizidi mno za nyuma. Mimi ningeanza na mafuta ya breki, yabadilishwe kila miaka 2. Hufyonza unyevu kadiri yanavyokaa. Ukiteremka mlima Kitonga unakanyaga-kanyaga, unyevu ule unachemka, pedeli inazama hadi sakafuni. Kwa hiyo teremka kwa gia ndogo.