Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Hofu Ielekezwe Wapi?

Msikilizaji wa Griftu, kaunti ya Wajir, hofu ya madhara baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ina msingi, ila mara nyingi huelekezwa pasipostahili. Katika hospitali zenye uzoefu, wanaofariki ndani ya siku 30 ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Kwetu hatari ni umbali: mshono wa ndani ukivuja, homa, moyo kwenda mbio na maumivu makali ya tumbo havingoji safari ya Wajir hadi Nairobi. Wapo wasemao kidonda kikipona yamekwisha. Sivyo, upungufu wa vitamini B12 na madini ya chuma huweza kujitokeza miaka kadhaa baadaye. Usikubali kupasuliwa kabla ya kujua nani atakupima damu ukisharudi nyumbani, na umuulize daktari kuhusu saumu ya Ramadhani.