Tope la Wamagana, kamba wa Kipini

Msikilizaji, mvua ikipiga huku kwetu Wamagana, mtaro wa barabarani hujaa maji yenye rangi ya matofali. Huo ni udongo wa shamba la mtu. Maji hushukia mito ya milima ya Aberdare, yakaingia mto Tana, na baada ya safari ndefu yakamwagika baharini Kipini. Njiani bwawa la Masinga, la mwaka 1981, hunasa tope jingi na kupungukiwa nafasi ya maji. Sisi huku husema bahari iko mbali! Kumbe mto huo unatuunganisha nayo: huko Kipini, katika Ghuba ya Ungwana, kamba wachanga hukulia kwenye mikoko, maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Mto ukinywea, chumvi hupanda juu, hadi kwenye majaruba ya mpunga.