Prokirere anawekwa na nani, na sababu gani mununuzi ajali

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye kikao cha wanamemba, Kakanda)



Kamati iliniomba niseme juu ya prokirere. Nasikia wengine wanacheka huko nyuma: prokirere na mfuko wa unga vinakutana wapi? Ngojeni. Ombi lilitoka kwa ndugu zetu wanaotutumia michango kutoka Iowa na Maine. Walituandikia kwamba kwao mwanasheria mkuu wa jimbo njo anateteaka wanunuzi, halafu wakauliza: kwenu huko ni nani, na munamuchaguaka namna gani?

Nianze na kwao. Katika majimbo 43 ya Marekani, raia wenyewe wanapiga kura kumuchagua mwanasheria mkuu wa jimbo lao. Maine ni bunge la jimbo linamuchagua, Tennessee ni majaji wa korti yao ya juu, kwa miaka 8. Majimbo 5 yanayobaki, gavana. Kule Iowa, Tom Miller alishika kiti kutoka 1979 hadi 1991, akarudi 1995, na raia hawakumuondoa mpaka kura ya 2022. Mutu wa kazi hiyo hangojei kila mama aende korti peke yake juu ya dola 20. Anakusanya malalamiko, anaona kampuni ni ile ile, anaishitaki kwa jina la jimbo.

Mfano mmoja unatugusa sisi tunaoishi kwa pesa ya kutumiwa. Matapeli walikuwa wanapigia watu simu, zaidi wazee: mjukuu wako amefungwa, tuma pesa upesi. Pesa zikapitia MoneyGram. Mwaka 2016 wanasheria wakuu wa majimbo 49 na wa mji mkuu Washington walifanya kampuni hiyo ikubali kulipa dola milioni 13, na ndani yake za kurudishia walioibiwa. Mwaka uliofuata Western Union ikakubali, mbele ya serikali kuu, kutoa milioni 586. Mwenye kiti akiwa mvivu, ao akiwa rafiki wa kampuni, malalamiko yanalala kabatini. Kwa hiyo kura yao si mchezo.

Sasa kwetu. Hapa hatupigi kura ya prokirere. Katiba ya 2006, kifungu cha 82, inasema Rais wa Jamhuri anamuweka kwa amri yake, kisha Baraza Kuu la Mahakimu kumupendekeza. Baraza hilo ni mahakimu wenyewe. Wewe na mimi hatumo, hata bunge halimo. Halafu 2011 Katiba ilibadilishwa, parke ikatolewa kwenye mamlaka ya korti, na sheria ya 2013 ikaweka waprokirere chini ya waziri wa haki, ambaye anaweza kuwaamuru wafuate jambo fulani. Kwa hiyo ukitaka kujua prokirere atashugulikia nini, mwangalie na waziri pia.

Lakini kamba haivutwi upande mmoja tu. Mwaka 2025, Firmin Mvonde, prokirere jenerali wa Korti ya Kasasio, alimushitaki Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa haki, juu ya pesa za kujenga jela Kisangani. Tarehe 2 Septemba korti ikamuhukumu miaka 3 ya kazi za kulazimishwa. Wengine walifurahi, wengine walisema ni siasa. Mimi naona hivi: mwenye kiti akitaka, nguvu iko.

Na kwa mununuzi? Mukumbuke RAM. Kuanzia Septemba 2020 unite zilikuwa zinakatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa 3G na kuendelea. Watu wakapiga kelele, vijana wakaandamana, 2021 wabunge wakamuhoji waziri, na mwanzoni mwa 2022 serikali ikasimamisha. Kelele njo ilisaidia. Ila kilichosimama ni kukata kwa kesho, ya jana ilikwisha kwenda. Kule Iowa swali la kwanza lingekuwa: nani anatetea ile ya jana?

Musiniambie hatuna sheria. Kodi ya makosa ya 1940, kifungu cha 99, inamuadhibu anayedanganya mununuzi juu ya kitu anachomuuzia. Sheria ya 9 Julai 2018 inasimamia bei na ushindani. OCC iko, kupima bidhaa njo kazi yake. Inabaki mutu wa kutoa hizo sheria kwenye rafu.

Hapa mbolea yetu inaingia. Ile mifuko ya msimu uliopita, tuliyonunua kwa mchango wa marafiki: inje imeandikwa kitu, ndani ni kitu kingine, mahindi yakabaki manjano. Muuzaji simutaji, parke pia siitaji. Mashtaka yetu yalipokelewa, hakimu aliyeyapokea akahamishwa, na aliyemufuata anasema hajaona dosie.

Sheria inatuachia mlango mwingine: tunaweza kumuita muuzaji moja kwa moja mbele ya tribinali, bila kungojea prokirere, na papo hapo kudai pesa yetu. Lakini gharama ni yetu. Wengine wa kamati hawapendi, wanasema sanduku ni la wagonjwa na matanga. Ninawaelewa. Shauri langu: tuandike kwanza kwa prokirere jenerali, mukubwa wa parke zote za eneo lake, tutie namba ya dosie na siku tuliyoiweka. Miezi 2 ikipita bila jibu, twende tribinali. Kamati itapiga kura kwenye kikao cha mwezi ujao.

Mwenye kubaki na mfuko, hata mutupu, asitie viazi ndani. Aulete kwa sekretere pamoja na risiti. Wa mbali wamupe kiongozi wa kikundi chao.