Kituo cha Ubunifu na Haki ya Mfanya Kazi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Nadapal)



Nimeombwa nieleze jambo linalotajwa sana siku hizi, yaani kituo cha ubunifu cha chuo kikuu. Maana yake si ngumu. Ni mahali wanapokutana mwanafunzi, mtafiti na mwenye kiwanda, ili elimu ya darasani igeuke kuwa kitu cha kutumika na kuuzwa. Nasi Turkana tunacho chuo Lodwar, kilichoanzishwa 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Je, mfanya kazi ana neno gani hapo? Analo kubwa. Tazameni Kalokol. Katika miaka ya 1980 palijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway. Mashine zilikuwa nzuri, lakini kugandisha samaki katika joto hili kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ikashinda faida. Tena Ghuba ya Ferguson, walimovua, ikakauka. Kiwanda kikafungwa. Mvuvi anayeanika samaki juani alilijua joto hilo, na alijua kwamba ziwa hupanda na kushuka.

Kwa hiyo sharti letu la kwanza ni hili: swali la utafiti litoke kazini. Fundi wa pampu, mvuvi, na dereva anayejua lori huvunjika wapi kati ya Lodwar na Kakuma, wakae mezani tangu mwanzo, wasiitwe siku ya kukata utepe tu.

La pili ni haki ya aliyebuni. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 yasema kwamba ukiajiriwa kubuni, ulichobuni ni cha mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Lakini kama kubuni si kazi yako, nawe umebuni kwa vyombo au habari za kazini, mwajiri huchukua hataza, na wewe wastahili malipo ya haki, yapimwe kwa mshahara wako na faida ya kitu chenyewe. Basi, ukipata wazo, liandike, tia tarehe, umwone katibu wa tawi kabla ya kulitangaza.

La tatu ni mafunzo. Kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, kwa ajili ya mafunzo ya kazi. Kila tawi limwulize mwajiri wake: mwaka huu umempeleka nani kujifunza? Na mwanafunzi anayeletwa kujifunza kazi apokewe vizuri, bali asitumiwe kujaza nafasi ya mtu wa mshahara.

Ndugu zangu, elimu hatuipingi. Twaitaka, tena twaitaka pamoja na haki zetu. Jambo hili lizungumzwe katika kila tawi, na majibu yaletwe kwa maandishi.

Umoja ni nguvu.