Mzio wa Majira ya Machipuo Huko Dubai

Leo tunaelekea Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, mji wanamofanya kazi ndugu zetu wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania.

Mtu aliyelelewa Mombasa au Tanga anaijua kaskazi, masika, kusi na vuli. Hana jina la siku hizi fupi zinazotenganisha baridi na joto la Ghuba. Pengine ndiyo sababu, ifikapo Februari hadi Aprili, anapopiga chafya mfululizo huku macho yakimwasha na pua ikimchuruzika maji, husema ameshikwa na mafua. Lakini mafua huisha baada ya wiki moja hivi. Mzio hauleti homa, huwasha, na huweza kudumu wiki kadhaa. Wanaomeza viuavijasumu kwa ajili yake hupoteza fedha zao bure.

Huenda mkauliza, je, chavua hutoka wapi jangwani? Hutoka kwenye nyasi za bustani zinazomwagiliwa na kwenye mitende, ambayo wakati huu wakulima huipandikiza chavua ya dume kwa mikono. Hutoka pia kwenye mti wa miba wenye asili ya Amerika, Prosopis juliflora, uliopandwa huko ili kuzuia mchanga. Wasikilizaji wetu wa Baringo wanaufahamu vyema, tena kwa uchungu: ndio huo mathenge. Usichanganywe na ghafu, mti wa taifa wa nchi hiyo, ambao ni wa ukoo mmoja nao. Upepo wa shamali huivuma chavua hiyo pamoja na vumbi.

Kwa kawaida madaktari hushauri mgonjwa abaki ndani na kufunga madirisha. Ushauri huo unamfaa mwenye ofisi. Mlinzi wa lango, fundi wa ujenzi na mpeleka chakula kwa pikipiki hawana hiari hiyo. Hao wavae barakoa na miwani, waoge na kubadili nguo warudipo, wasianike mashuka nje, na wahakikishe kichujio cha kiyoyozi cha chumba chao kinasafishwa. Kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa pia husaidia sana.

Ama kuhusu dawa, klofeniramini tuliyoizoea nyumbani huleta usingizi, na dereva wa Barabara ya Sheikh Zayed hapaswi kuigusa kabla ya zamu. Loratadini haina tatizo hilo kwa watu wengi. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani ina nguvu zaidi, ila hufanya kazi polepole, hivyo ni bora kuianza wiki mbili kabla ya msimu. Matone ya kuzibua pua yasitumiwe zaidi ya siku tano, kwani baadaye huziba pua zaidi.

Msiagize ovyo dawa kutoka nyumbani. Dawa za kikohozi zenye kodeini hudhibitiwa vikali na sheria za huko, na kuingia nazo bila kibali kunaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Mwisho, kifua kikianza kubana na pumzi kutoa mlio, hiyo huenda ni pumu. Msisubiri zamu iishe. Nambari ya gari la wagonjwa ni 998.

Kwaherini.