NJAA KATIKATI YA MIGOMBA
Hotuba juu ya chakula na riziki za wakulima wa Mboghoni katika miaka ya Korona, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetupa kazi ya kusema machache juu ya jambo ambalo wengi wetu twalikumbuka kwa uchungu, nalo ni taabu ya chakula iliyozipata nyumba za wakulima wa Mboghoni wakati wa maradhi ya Korona. Hatukuja kulilia yaliyopita. Tumekuja kuuliza swali moja: ilikuwaje watu wenye maji na udongo mwema, ambao migomba yao yasimama hata kwenye kingo za mifereji, wakalala na njaa? Na tukiisha kulijibu swali hilo, tutawaomba mkate shauri moja.

Kwa faida ya vijana, yafaa tuanze na nchi yenyewe. Maji yetu hapa Taveta yatoka Kilimanjaro. Mengine hupita chini ya ardhi yakabubujika katika chemchemi ya Njoro Kubwa. Mengine huteremka na Mto Lumi hadi Ziwa Jipe. Sehemu nyingine za Taita Taveta zikiwa zangojea vuli na masika, mkulima wa mfereji hungojea zamu yake ya maji tu. Kwa hiyo twalima ndizi, nyanya, vitunguu, mahindi na maharagwe. Lakini kulima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuza. Mazao yetu huuzwa katika soko la Taveta siku za Jumatano na Jumamosi. Hununuliwa na ndugu zetu wa Tanzania wavukao kwa njia ya Holili. Na mengi hupakiwa katika malori, yakapita Mwatate na Voi, hadi soko la Kongowea huko Mombasa. Fedha hiyo ndiyo inunuayo unga, mafuta, sabuni na daftari za watoto. Yaani, mkulima wetu huuza chakula ili apate kununua chakula. Tafadhalini lishikeni neno hili, maana hapo ndipo lilipo shina la taabu yote.

Tarehe 13 Machi 2020, Serikali ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona amepatikana katika Kenya. Baada ya siku chache shule zilifungwa. Tarehe 27 Machi ilianza amri ya kutotoka nje usiku, tangu saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, na katazo la Mombasa halikuondolewa mpaka Julai. Tarehe 16 Mei mpaka wa Tanzania ulifungwa, isipokuwa kwa malori ya mizigo, ambayo madereva wake iliwapasa kupimwa kwanza. Hatusemi kwamba amri hizo zilikuwa ovu. Maradhi yalikuwa ya kweli, na hapana aliyejua yatakomea wapi. Twasema hili tu, kwamba kila amri ilikata kamba moja, na kamba za kushikilia riziki yetu zilikuwa tatu: soko, mpaka na Mombasa.

Mtu aweza kusema, “Malori ya chakula hayakukatazwa.” Ni kweli. Lakini lori halijui kuchagua nyanya wala kupatana bei. Ajuaye hayo ni mchuuzi, ambaye alikuwa akija mwenyewe toka Mombasa, akalala Taveta, akapita mashambani. Mchuuzi huyo alizuiwa kule, na yule wa ng'ambo ya mpaka akazuiwa kwake. Waliobaki kununua walikuwa wachache, nao walitaja bei waitakayo. Wakulima hawakuweza kukataa, kwa maana nyanya haimngoji mtu. Tuliona masanduku ya nyanya yakimwagiwa mbuzi, na mikungu ya ndizi ikiivia shambani mpaka ndege wakashiba.

Hapa twaomba ruhusa kutoa mfano mmoja, pasipo kumtaja mtu. Mwanachama wetu mmoja, mama mjane, alikuwa amepanda nyanya kwa mbegu na dawa za mkopo. Ziliiva mwezi wa Mei, katika siku zile mpaka ulipofungwa. Alichouza hakikutosha hata kulipa deni la dawa. Nyumbani alikuwa na watoto ambao zamani walipata chakula cha mchana shuleni, na sasa walishinda naye kutwa. Kwanza alipunguza mlo, akapika mara moja kwa siku. Kisha akauza mbuzi wake. Mwisho akauza pampu ya kunyunyizia dawa. Msimu uliofuata maji yalipita katika mfereji mbele ya shamba lake, naye hakuwa na mbegu ya kutia ardhini. Basi, njaa ya msimu mmoja ilikuwa imekwisha kula na mavuno ya msimu wa pili.

Tena kulikuwa na watoto wetu wafanyao kazi katika mahoteli ya pwani na katika nyumba za wageni za Tsavo. Watalii walipokoma, kazi zilikoma. Fedha walizokuwa wakituma kwa simu zilikatika, na wengi walirudi nyumbani. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuliwapa jembe, na twawasifu wale waliofufua viunga vilivyoachwa. Lakini jembe halilishi mtu siku alipolishika. Muhindi huchukua miezi, na vinywa vilikuwa vimeongezeka tangu siku ya kwanza.

Wala taabu haikwisha pamoja na amri. Machi 2021 mahindi ya Tanzania na Uganda yalizuiwa mpakani kwa ajili ya sumu ya kuvu, na ingawa yaliruhusiwa tena baada ya siku chache kwa masharti, sisi tulao unga wa ng'ambo tuliona jinsi sufuria zetu zilivyo mikononi mwa watu wengine. Kisha, tangu vuli ya 2020, nchi kavu za Kenya zilikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Hayo yote mwayajua, na ndovu mwawajua pia.

Sasa na tutazame upande wa pili. Zilikuwako nyumba ambazo hazikuanguka, wala hazikuwa nyumba za matajiri. Zilikuwa nyumba zenye muhogo ardhini, viazi vitamu pembeni, kunde kati ya mahindi, na kuku uani. Muhogo una sifa moja kubwa: hukaa udongoni ukimngoja mwenyewe, wala hauharibiki kwa sababu mpaka umefungwa. Nyumba hizo zilipika kimanga zikashiba, na ndizi zisizopata mnunuzi zikawa chakula badala ya hasara. Wazee wetu walitunza mbegu juu ya moshi wa jiko. Nasi tuliyaona hayo kuwa mambo ya kale, tukapanda kila shubiri zao la kuuza.

Bwana Mwenyekiti, imebaki sehemu iliyo ngumu kuisema, nayo yatuhusu sisi wenyewe wa Kamati. Mfuko wa Chama chetu, kwa kanuni zetu, ni wa maziko na wa wagonjwa. Mwaka 2020 Serikali iliamuru maziko yasihudhuriwe na watu zaidi ya 15, na hata mwezi wa Julai hesabu haikupita 100. Hakukuwa na matanga wala vyungu vikubwa, na kwa hiyo fedha ya maziko haikutumika kama ilivyo desturi. Ilikaa. Katika muda ule ule, wanachama walikuja kwetu kuomba msaada wa unga na mbegu, nasi tuliwajibu kwamba kanuni hazituruhusu. Tulisema kweli, lakini kweli ile haikujaza chungu cha mtu. Kama yule mama mjane angalikufa, tungalimzika kwa heshima. Alipokuwa hai na mwenye njaa, hatukuwa na la kumpa. Kwa jambo hilo twaomba radhi mbele ya mkutano huu.

Kwa hiyo twaleta shauri, nalo lina vifungu vitatu.

Kwanza, kanuni zibadilishwe, ili fungu moja katika kila manne ya ada liwekwe katika mfuko wa chakula na mbegu, wala lisiguswe kwa kazi nyingine.

Pili, tuwe na ghala moja. Mahindi na maharagwe yanunuliwe wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Yakaushwe sawasawa, unyevu wake usizidi sehemu 13.5 katika mia, na kuwekwa katika magunia yasiyopitisha hewa, maana ghala lenye kuvu ni hatari kuliko kukosa ghala. Wakati wa shida mwanachama auziwe kwa bei ile ile ya kununulia, au akopeshwe mbegu na kurudisha mbegu. Funguo ziwe tatu, mikononi mwa watu watatu, mmoja wao awe mama. Na daftari isomwe mbele ya watu kila mwezi.

Tatu, kila mwanachama aahidi kuiachia nyumba yake sehemu ya shamba, apande muhogo, viazi, kunde na migomba isiyowekwa rehani kwa mchuuzi yeyote.

Hatusemi mtu aache kuuza. Soko ndilo lililosomesha watoto wetu. Twasema tu kwamba mwenye kwenda sokoni akiwa ameshiba hupatana bei, na mwenye kwenda na njaa hupokea apewacho. Wahenga walinena, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Katika miaka ya shibe tulilewa, na Korona ikatukuta hatuna akiba.

Wazee wetu na ndugu zetu, shauri liko mbele yenu. Twawaomba mlitafakari, mlirekebishe palipo na kasoro, na kisha mlipigie kura leo hii, kabla hatujatawanyika.